Mzee Bonaventura Mtewele na Koti la Rubani, 1936–1994

Treni ilikuwa imetoka kwenye mahandaki na kuanza kupanda kuelekea Makambako, baridi inaingia dirishani, pale mama mmoja mchuuzi aliyekalia furushi lake alipomuuliza mpwa wa marehemu anakwenda kwa nani.

"Kwa Mzee Bonaventura Mtewele."

"Mtewele wa makoti?"

"Huyohuyo. Amefariki."

"Kwamba amefariki nimeshasikia," alisema yule mama. "Ninachouliza, unakwenda kumzika au kuhakikisha?"

Behewa zima lilicheka. Mpwa huyo ndiye anayewasomea wasifu huu. Alikuwa hajawahi kufika Makambako, na mtu wa kwanza kumweleza mjomba wake alikuwa ni huyo mama, ambaye jina lake hakulipata. Mpwa huyo amehudhuria misiba katika nchi kadhaa na kusikia marehemu wakisifiwa kwa lugha nyingi, na katika lugha zote hizo marehemu alikuwa mpole, alipenda watu na hakuwa na makuu. Ndugu waombolezaji, leo hamtasikia hivyo. Ukoo ulikaa kikao jana mchana katika nyumba hii na kuagiza wasifu uandikwe kama mtakavyousikia, na ndivyo ulivyochapwa kwenye karatasi mlizoshika.

Marehemu Bonaventura Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kijiji cha Kifanya, Njombe, mtoto wa tatu wa Mzee Kristofa Mtewele na Mama Agata. Alibatizwa mwaka huohuo. Wazazi wake walilima mahindi, ulezi na viazi. Baba yake alimkumbuka kama mtoto asiyekubali kuambiwa kitu. Akiambiwa chai ni ya moto, lazima atie kidole kwanza, na akishaungua anamlaumu aliyemwambia.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi darasa la nne, mwaka 1949. Hisabati aliiweza sana, na dini aliijua kwa kichwa. Mwaka 1950 aliingia karakana ya viatu ya misheni, akajifunza ngozi: kuikata, kuishona, kuipaka mafuta, na kuitambua. Hapo ndipo alipopata kipaji alichojulikana nacho maisha yake yote. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni na kumpa kipande cha ngozi, akakwambia ni ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, na kama mnyama alikuwa mzee au mchanga. Na uzi vilevile. Aliuchomoa uzi kwenye mshono, akawasha kiberiti na kuuchoma. Uzi wa pamba huungua ukawa majivu. Uzi wa nailoni huyeyuka ukajikunja, ukabaki kijidonge kigumu. Hakuna ubishi hapo, alikuwa akisema, moto hauna shemeji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na Oktavia Mgaya, wa hapohapo Kifanya. Kuna jambo moja la siku hiyo ambalo familia hulisimulia kwa kicheko. Mama mkwe alileta blanketi, akamfunika nalo bwana harusi mabegani mbele ya wageni. Bwana harusi alilipapasa, akavuta uzi mmoja pembeni, akaomba kiberiti. Watu walidhani ni utani mpaka walipoona moshi.

"Ni pamba," alisema, akalikunja vizuri.

Mama mkwe akamwuliza, "Na binti yangu, baba, naye utamchoma?"

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wanne. Wawili walifariki wakiwa wadogo. Waliobaki ni Filbert na Lidia.

Kuanzia mwaka 1963 alifanya kazi karibu na Njombe katika kiwanda cha miwati, miti ambayo maganda yake hutengenezea ngozi. Biashara ilipofunguliwa na nguo za mitumba zikaanza kuingia bila kujificha, aliacha kazi akahamia hapa Makambako, mwaka 1985. Mnawajua walioujenga mji huu wakati ule: wenye malori, wafanyabiashara waliotoka pwani, Tabora na Kigoma, na Wabena kama yeye walioshuka na akiba ya mavuno. Wengine waliuza kila kilichotoka kwenye belo. Marehemu aliuza makoti ya ngozi tu. Ukanda huu una baridi, kila mwanamume alilitaka, na wengi walikuwa wameuziwa rexini wakidhani ni ngozi, ikawapasukia mgongoni mvua ya kwanza.

Kwa hiyo watu walianza kumletea makoti yao ayakague. Walitoka Iringa, Songea, Mbeya. Siku ya mnada alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, na mwenye koti alitakiwa kusimama mbele yake mikono ameinyoosha kama anayepekuliwa. Likiwa zuri, alisema "haya" na kulirudisha. Likiwa baya alisimama, akaongea kwa sauti.

"Huyu mbuzi alizaliwa kiwandani? Mama yake pipa?"

"Aliyekuuzia yuko hai? Basi wewe ndiye uliyekufa."

Watu waliacha kununua nyanya wakaja kusikiliza. Wapo hapa leo waliokuwa wakicheka kuliko wote, na wapo walioondoka pale wamebeba makoti yao chini ya kwapa, vichwa chini. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba kwa miaka mitatu hakukosea hata mara moja. Alikuwa na ulimi mbaya na neno la kweli, na mji uliuvumilia ulimi kwa ajili ya neno. Marehemu akisema ni ngozi, ni ngozi. Akisema ni takataka, hata mwenyewe huliamini tena koti lake.

Mwanzoni mwa mwaka 1988 Bwana Abdulaziz, mwenye malori, ambaye tunamshukuru kwa kutoa gari la kubebea mwili leo, alimleta mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akitafuta makoti ya zamani ya marubani wa kijeshi. Mgeni alikuja na makoti mawili, moja la vita yenyewe na jingine la kuigiza, akamfundisha marehemu tofauti mchana mmoja. Koti la kweli mgongo wake ni kipande kimoja cha ngozi ya farasi, hakuna mshono katikati. Kola ina vifungo vya kubana vilivyofichwa chini yake. Mbele kuna mifuko miwili yenye vifuniko, lakini ubavuni hakuna pa kutia mikono, maana askari hakutakiwa kusimama mikono mfukoni. Zipu ni ya chuma. Chini ya kola kuna kitambaa chenye namba ya oda ya jeshi. Na uzi wote ni wa pamba. Mgeni alisema likipatikana moja la namna hiyo, Abdulaziz amletee Dar es Salaam, mradi Mtewele amelithibitisha.

Mwezi wa saba mwaka huohuo, siku ya mnada, alikuja mzee mmoja kutoka Matembwe. Alishuka kwenye lori la mbao pamoja na binti yake Jeni. Mzee huyo aliitwa Lameki Ngole. Alikuwa amevaa koti la ngozi la rangi ya kahawia, limechakaa viwiko.

Bwana Abdulaziz alikuwapo. Jeni alikuwapo. Waliosimama pale walikuwa wengi, na wote wanasimulia yaleyale.

"Kamwene," alisema Mzee Lameki.

"Kamwene, baba. Unauza?"

"Siuzi. Nimekuja unisemee."

"Nikusemee nini?"

Mzee Lameki alieleza. Mwaka 1944 alikuwa askari, alipelekwa Burma. Ndege ilianguka msituni wakati wa mvua, akambeba rubani Mmarekani mgongoni, mguu umevunjika, mpaka walipofika kwa waganga wa jeshi. Rubani alivua koti lake akamvisha. Hilo ndilo. Kwa miaka mingi alilisimulia jambo hilo nyumbani, na wazee wenzake waliokwenda vitani walimwamini. Wenzake walipoisha, vijana wa Matembwe walianza kumcheka. Walimwambia koti amelinunua Makambako, mtumba kama mitumba mingine. Hata kanisani, akisimama kutoa ushuhuda, watu walikohoa.

"Wanasema kuna mtu Makambako anayeijua ngozi," alisema. "Akisema yeye, watanyamaza. Nataka neno lako tu, mwanangu, nirudi nalo."

Marehemu alimwambia anyooshe mikono. Alimzunguka. Alipitisha kiganja mgongoni, akafunua kola, akaigusa zipu, akapitisha vidole ubavuni pasipo na mifuko. Jeni anasema alimwona akirudia kupapasa mgongo mara ya pili, na hilo lilimpa moyo. Kisha marehemu aliinama kwenye mfuko wa kushoto. Kifuniko cha mfuko huo kiliwahi kung'oka, na mke wa Mzee Lameki alikishona tena kwa mkono, kwa uzi aliokuwa nao, uzi wa kisasa wa dukani. Mtoto angeona kwamba mshono ule ni mwingine. Marehemu alichomoa uzi pale, akauinua juu watu wauone, akawasha kiberiti.

Uzi ukajikunja.

"Nailoni!" alisema marehemu. "Baba, vita yako ilipiganwa mwaka gani? Mwaka jana?"

Watu walicheka. Mzee Lameki alisema, "Hapo ameshona mke wangu."

"Na ndege nayo alishona mke wako?"

"Nilimbeba mtu, mwanangu. Alikuwa akilia."

"Alikuwa akilia kwa sababu ulimwibia. Lakini hata kuiba umeiba rexini."

Jeni alipaza sauti, akamwambia achomoe uzi mwingine, wa kwapani, wa popote. Marehemu alimtazama kama anayetazama koti baya. "Binti, mimi nachoma mara moja. Moto hauna shemeji."

Mtu mmoja kwenye umati aliita, "Rubani wa Nailoni!" na jina likashika hapohapo. Mzee Lameki alivua koti, maana hakuweza kupita katikati ya soko amelivaa, akaliweka juu ya meza ya marehemu. Alikuwa na shati tu, na mwezi wa saba mnaujua. Marehemu alivuta sweta moja kwenye rundo akamtupia. "Chukua hili, baba, tubadilishane. Lako nitapigia viatu brashi." Mzee Lameki alilivaa sweta hilo kwa sababu alikuwa akitetemeka, na kitendo cha kulivaa kilichekesha watu kuliko yote.

Jioni hiyo, nyumbani, marehemu alilitandaza koti mezani. Mama Oktavia alikuwa akimenya viazi. Haya ni maneno yake aliyoyasema kwenye kikao, na amekubali yasomwe. Marehemu alifunua kitambaa cha ndani, akachomoa uzi penye mshono wa zamani, akauchoma. Ulibaki majivu. Akachomoa wa pili, begani. Majivu. Akaweka majivu kiganjani, akamwonyesha mkewe, akacheka.

"Mzee wa watu," alisema. "Kumbe kweli alimbeba."

Mama Oktavia alimwambia alirudishe. Marehemu alijibu, "Ukifungua mdomo, utarudi kwenu Kifanya na viazi vyako."

Wiki ile alilipeleka kwa Bwana Abdulaziz ili lisafirishwe kwa yule mgeni. Bwana Abdulaziz ametupa ruhusa ya kueleza alivyomjibu.

"Bonaventura, hili si la yule babu?"

"Ndilo. Nimelichunguza tena. Ni la kweli."

"Umelichoma mbele yangu. Nimeona kwa macho yangu uzi unajikunja. Sasa ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Nichague ipi nimpelekee mgeni wangu?"

Marehemu angeweza kusema ukweli wa ule mfuko wa kushoto. Lakini akishasema, kila koti alilopata kulikataa lingerudi mlangoni kwake, na kila mtu aliyemcheka angekuja kumcheka yeye. Alilifunga koti kwenye gunia la sukari, akarudi nalo nyumbani. Akalitundika chumbani. Hakulivaa hata siku moja, hakumpa mtu alivae, na hakuna mtu mji huu ambaye angelinunua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba si kitu. Biashara yake iliendelea vizuri. Aliezeka nyumba hii tuliyomo kwa bati jipya mwaka 1989.

Mzee Lameki Ngole hakusimama tena kanisani. Alifariki Matembwe mwaka 1990. Watoto walikuwa wakimwita lile jina njiani, na kuna waliolitaja hata siku ya kumzika. Sweta alilopewa lilikuwa miongoni mwa nguo zilizogawiwa baada ya matanga, na hakuna aliyelitaka.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 1992. Alitibiwa hospitali ya misheni mara kadhaa, akapata nafuu na kurudi kwenye kigoda chake, lakini sauti ilikuwa imepungua, na watu wachache walisimama kumsikiliza. Mwezi wa tatu mwaka huu alilazwa kitandani moja kwa moja. Jeni alisikia, akaja kutoka Matembwe. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, Mama Oktavia akiwapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata koti?"

"Sikufuata koti. Nataka useme lile neno. Useme mbele ya watu wawili tu, inatosha."

Marehemu alikohoa mpaka akachoka, kisha akasema, "Nikisema leo, nani ataamini yote niliyosema jana?"

"Baba yangu amekufa."

"Basi hasikii," alisema marehemu, akageukia ukutani.

Usiku wa baridi kali wa mwezi wa tano, Mama Oktavia alipoona blanketi hazitoshi, alilishusha koti kutoka ukutani akamfunika nalo. Marehemu alilitambua kwa vidole, hata kabla ya kufumbua macho. Alilisukuma likaanguka chini. "Toa nailoni yako," alisema. Walikuwa wawili tu chumbani, yeye na mtu aliyeyaona yale majivu, na bado alisema hivyo. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Juni 1994.

Wote mnajua desturi yetu: kabla mwili haujatoka, mkubwa wa ukoo huuliza kama kuna mtu mwenye dai kwa marehemu, maana dai lisilosemwa linamfuata kaburini, na lililosemwa hubaki kwa ukoo. Jana mchana Mzee Elieza Mtewele, mdogo wake marehemu, aliuliza. Jeni alisimama. Filbert alidhani amefuata koti na akasema atalitoa mara moja, lifungwe kwenye gazeti, yaishe.

"Koti ni letu hata lisipofungwa," alisema Jeni. "Dai langu ni neno. Alilichukua mbele ya watu. Lirudi mbele ya watu."

Filbert alikasirika. "Mnataka kumzika baba mara mbili?"

Mzee Elieza alimgeukia shemeji yake. Mama Oktavia aliingia chumbani, akarudi na koti, akaomba kiberiti. Alifunua ndani, pasipowahi kuguswa na sindano ya mtu yeyote wa Matembwe, akachomoa uzi mbele ya kikao kizima. Njiti mbili zikazimika. Ya tatu ikashika. Majivu yalianguka juu ya kanga yake, akayaacha hapo. Kisha akayasema yote mliyoyasikia.

Kwa hiyo ukoo wa Mtewele, ambao sasa ndio unaobeba neno la marehemu, unasema hivi. Koti la Mzee Lameki Ngole ni koti la rubani wa vita, la kweli, kuanzia kola mpaka kiuno. Mzee Lameki alimbeba yule mtu. Hakusema uongo Matembwe, hakusema uongo kanisani, hakusema uongo Makambako. Aliyesema uongo ni ndugu yetu huyu aliyelala hapa, na alijua.

Jeni amelivaa. Simama, dada, watu wakuone.

Marehemu ameacha mjane, Mama Oktavia, watoto wawili, Filbert na Lidia, wajukuu watano, mdogo wake, Mzee Elieza, na wapwa. Familia inawashukuru katekista na wanajumuiya, madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Abdulaziz na majirani Waislamu na Wakristo waliokesha nasi.

Gari limeshawashwa. Marehemu anaondoka sasa kwenda Kifanya, atazikwa leo alasiri karibu na baba yake. Mpwa wake hatapanda gari hilo. Ukoo umemwagiza abaki Makambako, kwa sababu kesho ni siku ya mnada, na neno lililovunjwa sokoni haliwezi kurudishwa uani kwa watu wa msiba peke yao. Atasimama mbele ya kibanda, Jeni kando yake, na kuwasomea walionunua nyanya na waliosimama kucheka.

Mzee Elieza alitaka wasifu umalizike kwa maneno ambayo tumezoea kumuagia marehemu. Jeni aliomba neno la mwisho kati ya hayo lisisomwe leo, lisubiri mpaka soko lifungwe kesho. Kikao kilikubali.

Apumzike.